Uzoefu wangu: sanamu za pango la Krismasi kwenye maduka ya vitu vya kale Malindi

Anayetafuta mapambo ya zamani ya Krismasi Malindi aanze na pango, yaani sanamu za kuzaliwa kwa Yesu, mipira ya kioo aiache kwanza. Nimenunua vyote viwili katika maduka ya vitu vya kale hapa mjini, na hukumu yangu ni hii: sanamu za pango nazipa nyota nne kati ya tano, mipira ya kioo nyota mbili, taa za umeme sizipi hata moja.

Pango linapatikana hapa kwa sababu ya Waitaliano. Mradi wao wa anga wa San Marco ulijengwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1960, setilaiti ikarushwa kutoka jukwaa la baharini Aprili 1967, na tangu hapo Waitaliano wakazoea Malindi, wakajenga, wakazeeka hapa. Kwao Krismasi bila pango haijakamilika. Huliita presepe, na desturi yenyewe wanaihusisha na Fransisko wa Assisi, aliyeandaa hori na wanyama hai pale Greccio mwaka 1223. Mwenye nyumba akihama au akifariki, makabati na vitanda huenda dukani, na boksi la pango hufuata humo humo.

Ndiyo maana usitegemee kuliona dirishani. Maduka haya huishi kwa milango ya kuchonga, vitanda vya Lamu na makasha ya njumu. Muuzaji anaujua umri wa kasha kwa kuligusa tu, lakini sanamu za Krismasi huziita zote "za miaka mia". Uliza waziwazi: "Mna watu wa pango? Maria, Yosefu, ngamia?" Ukisema mapambo ya Krismasi utaletewa maua ya plastiki ya mwaka juzi.

Sanamu ikishatoka kwenye boksi, igeuze kabla hujaitazama uso. Chini ya kitako ndipo penye ukweli: hapapakwi rangi, hapaguswi na mikono, na ndipo unapoona imetengenezwa na nini. Wekundu wa chungu ni udongo wa kuchoma. Ukiigonga polepole kwa ukucha hulia kama kikombe, na ikinyamaza kama mbao ina ufa uliojificha. Weupe wa chaki unaoandika ukiuburuza kwenye kadibodi ni plasta. Nyepesi kuliko ulivyotarajia, na ndani ya mkato yaonekana matabaka ya karatasi, hiyo ni karatasi iliyopondwa kwa gundi, kazi ambayo mji wa Lecce kusini mwa Italia unajulikana nayo. Mara nyingi mwili wake ni waya na majani makavu. Mbao utaijua kwa nyuzi zake, na zile nzuri zimetoka Val Gardena, kaskazini ya mbali ya Italia, ambako kampuni ya ANRI imechonga tangu 1912. Plastiki haina ubaridi mkononi na ina mstari ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Usiidharau. Kampuni ya Fontanini ya Bagni di Lucca, iliyoanza 1908, ilihamia plastiki baada ya Vita vya Pili na kuipaka rangi kwa mkono. Tafuta alama ndogo inayofanana na buibui na neno Italy. Kwa hewa yetu ya bahari, hizo ndizo zinazodumu kuliko zote.

Zile za mtindo wa Napoli ni habari nyingine. Kichwa, mikono na miguu ni udongo au mbao, macho ni ya kioo, mwili ni waya uliozungushiwa katani, nguo ni kitambaa halisi kilichoshonwa. Ukikuta moja, funua nguo taratibu uangalie waya. Kutu ikishaanza, kitambaa kimelika kwa ndani hata kama nje kinapendeza, na mkono utaanguka siku utakayouinua kumpanga.

Plasta ndiyo niliyojifunza kuiogopa hapa pwani, na wanunuzi wengi hupotea hapo. Plasta hunywa unyevu, na unyevu wetu una chumvi. Siku za masika na kusi sanamu hushiba maji. Kaskazi ikianza na hewa kukauka, maji hutoka, chumvi hubaki. Haibaki juu ambapo ungeifuta. Hukaa chini ya rangi, hujijenga fuwele, na kila msimu huisukuma rangi nje kidogo. Dalili ya kwanza ni vipele vidogo kwenye pindo la kanzu, karibu na kitako, kwa kuwa sanamu ilisimama kwenye sakafu au rafu ya ukuta wa matumbawe. Dalili ya pili ni unga mweupe unaorudi wiki chache baada ya kufutwa. Vumbi halirudi hivyo. Sanamu yenye vipele usiioshe kabisa: maji mapya yataiyeyusha chumvi na kuisambaza mpaka usoni. Iweke mahali pakavu pasipobadilika, uutoe unga kwa brashi laini kavu, na uridhike. Kama uso tayari umeanza kubanduka, muuzaji hata akupe kwa nusu bei, mwachie.

Udongo wa kuchoma nao hupata chumvi, ila huvumilia zaidi. Shida yake ni matengenezo ya kienyeji. Vidole, fimbo za wachungaji na masikio ya punda ndivyo huvunjika kwanza, na mtu huvirudisha kwa gundi ya papo hapo. Gundi ile huacha ukungu mweupe kwenye rangi na hukakamaa, kiasi kwamba pigo dogo baadaye hung'oa kipande kikubwa kuliko cha awali. Ninabeba tochi ndogo ya kukagua noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau. Imulike sanamu mahali penye giza: gundi nyingi na rangi mpya hung'aa, rangi ya zamani hubaki imepoa. Kuona matengenezo si sababu ya kukataa, ni sababu ya kushusha bei. Ukitengeneza mwenyewe, gundi nyeupe ya mbao kwa kiasi cha tone la sindano inatosha, na saa 24 za kukauka bila kuguswa.

Mbao angalia matundu. Bungua, mdudu mla mbao, akiwa hai, ukiisimamisha sanamu juu ya karatasi nyeusi usiku mmoja, asubuhi utakuta unga mpya. Dawa yake haihitaji sumu: funga sanamu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ikitoka, mfuko usifunguliwe kwa siku nzima, ili jasho la baridi lishike nje ya mfuko na si kwenye rangi. Mbao iliyopakwa dhahabu juu ya tabaka la chaki usiitie friza. Tabaka lile halipendi kukaza na kulegea.

Sasa seti. Hapa maduka ya Malindi hupoteza ile nyota ya tano. Muuzaji huona watu tisa na wanyama watatu, huhesabu seti imekamilika. Pima. Saizi ya pango hutajwa kwa urefu wa mtu aliyesimama, kuanzia unyayo hadi utosi bila kofia wala fimbo: sentimita 10, 12, 15 na 20 ndizo nilizozikuta mara nyingi. Mpime Yosefu akiwa amesimama, ndipo uwapime wengine kwa yeye. Mchungaji mdogo kuliko wenzake anakubalika, maana mafundi huweka wadogo nyuma ili pango lionekane lina kina. Mamajusi wakubwa kuliko Yosefu hawana pa kukaa. Tazama pia mtindo wa macho na rangi ya ngozi. Mchoraji mmoja hupiga nyusi zake kwa namna moja, na mgeni utamjua hapo hata kama kimo ni sawa.

Anayekosekana mara nyingi kuliko wote ni Mtoto Yesu, na sababu yake iko katika desturi. Hori huachwa tupu mpaka usiku wa tarehe 24 Desemba, kwa hiyo Mtoto huhifadhiwa mbali na wenzake, kwenye droo au kibweta cha vito. Nyumba ikiuzwa, boksi huenda upande mmoja na droo upande mwingine. Mamajusi nao huletwa pangoni siku ya Epifania, 6 Januari, hivyo hukutwa wamefungwa peke yao kwenye karatasi tofauti. Usilikatae boksi kwa kukosa hao kabla hujaomba kuangalia vikopo vya vifungo na shanga.

Ukionyeshwa Mtoto mweupe, laini, mzito kidogo, simama. Pembe ya ndovu haiuzwi wala kununuliwa Kenya, iwe mpya au ya kale, na faini na kifungo chake si vya mchezo. Tazama kitako kwa lenzi: pembe ya ndovu huonyesha mistari inayokatana kama wavu, ilhali seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kuiiga, huwa na mistari iliyokwenda sambamba. Seluloidi nayo ukiisugua kwa kidole hutoa harufu ya kafuri. Inaruhusiwa, lakini hushika moto haraka mno. Isikae karibu na mshumaa hata dakika moja.

Mipira ya kioo nimeipa nyota mbili kwa sababu ya hewa, si kwa sababu ya wauzaji. Ile ya kweli ya zamani, nyingi ikiwa ya Ujerumani ambako mji wa Lauscha umepuliza kioo hiki tangu karne ya 19, ni myembamba kama ganda la yai na ndani imepakwa fedha. Rangi ya nje mara nyingi huyeyuka kwa maji, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu huiondoa mara moja. Nafagia kwa brashi ya manyoya, basi. Kofia ya bati ikishika kutu, hewa ya chumvi huingia na fedha hugeuka madoa meusi, na hakuna dawa ya hilo. Inua mpira uelekee jua: madoa yakizidi robo, unanunua ganda. Maandishi ya kofia au boksi husaidia kukadiria umri: "West Germany" haiwezi kutangulia 1949 wala kuvuka 1990, na "Occupied Japan" ni ya miaka ya kukaliwa kwa Japani baada ya vita, hadi 1952.

Taa usizichomeke. Nyuzi za zamani zenye balbu 20 hugawana umeme kwa mfuatano, volti 12 kila moja kwa volti 240. Balbu moja ikifa, zote huzimika. Mtu akikwepa mbili zilizokufa kwa kuunganisha waya, 18 zilizobaki hubeba zaidi ya volti 13 kila moja, huchemka, na soketi za plastiki iliyokakamaa huyeyuka. Zile za Marekani zimetengenezewa volti 120 na zitaungua papo hapo. Nyuzi za rangi ya fedha za kutundika mtini, zikiwa nzito na kuning'inia wima bila kupepea, ni za madini ya risasi, yenye sumu. Nyumba yenye watoto zisiingie. Na ule ukoka mkavu uliomo ndani ya maboksi ya pango utupwe hapo hapo dukani, umejaa wadudu.

Huduma yenyewe naisifu kwa jambo moja: hukimbizwi. Nikisema, "Mzee, naomba niitoe nje kwenye mwanga," sijawahi kukataliwa na mtu mwenye kitu kizuri, na aliyekataa alikuwa na sababu iliyoonekana chini ya sanamu. Fika asubuhi, maana mchana maduka mengi hufungwa kwa swala na mapumziko, na Ijumaa hufungwa mapema. Ukishalipa kwa M-Pesa, kitu hakirudishwi, hivyo ukaguzi wote umalizike kabla ya kutoa simu. Kwa bei, seti ya Fontanini ya sentimita 12, watu na wanyama 11, nimelipa shilingi 4,500 baada ya kuanzia 9,000. Plasta yenye kasoro shilingi 300 kwa moja. Mchungaji wa mbao asiye na matundu 2,500. Desemba bei hupanda kwa kuwa wenye nyumba wamerudi. Mei na Juni, mji ukiwa umelala, ndipo muuzaji hukushusha mwenyewe kabla hujaomba.

Kufunga ni juu yako, usimwachie duka. Gazeti huacha wino kwenye plastiki iliyoanza kunata, na plastiki ya mapovu hugandamana na rangi ndani ya gari lenye joto. Tumia karatasi ya chooni nyeupe, tabaka tatu, kichwa na mikono vifungwe kwanza. Mipira midogo ya kioo hukaa salama kwenye trei mpya ya mayai. Trei iliyotumika huleta mende, na mende hula gundi na karatasi.

Nyumbani nahifadhi kwenye ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, na gramu 100 za chembe za kukausha unyevu kwenye mfuko wa kitambaa, zile zinazobadilika rangi zikishiba. Nazikausha tena kwenye ovini kila baada ya miezi miwili wakati wa masika. Nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kabatini, isikaribie plastiki, huilainisha. Majani makavu ya mwarobaini yanatosha, nayo yawe ndani ya mfuko wake, yasiguse rangi.