Usaili wa majaribio wa kulipia: lini unafaa, lini unapoteza hela

Huduma inayopimwa hapa ni usaili wa majaribio kwa njia ya video. Unalipia kikao cha saa moja, mtu mwenye uzoefu wa kuajiri anakuhoji kama jopo litakavyokuhoji, kisha anakueleza ulipofanya vizuri na ulipokwama. Kikao kilichopangwa vizuri hutenga dakika 30 hadi 35 za maswali, 20 za maoni, na zinazobaki za kukupa kazi ya kufanya peke yako. Wanaoiuza ni wengi na ubora unatofautiana mno. Ikifanywa sawasawa, ni maandalizi bora kuliko kozi yoyote ya kujiamini. Ikifanywa ovyo, simu yako na rafiki mmoja asiyekuonea haya vinatosha.

Dalili ya kwanza huonekana kabla hata ya kikao. Mtoa huduma anayeijua kazi yake atakuomba tangazo la kazi na wasifu wako siku mbili tatu kabla, kwa sababu maswali ya usaili hutoka kwenye majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo. Likisema "kusimamia hesabu za stoo na kuandaa ripoti za kila mwezi", tegemea swali kuhusu hesabu zilizogoma kulingana na lingine kuhusu ripoti iliyochelewa. Asiyeomba chochote ataishia kwenye "tueleze kukuhusu" na "udhaifu wako ni upi", maswali ambayo mtu anayapata bure popote.

Unacholipia hasa ni swali la pili na la tatu, yale yanayochimba jibu ulilotoa. Chukua mfano huu wa nafasi ya mtunza stoo:

"Tuliboresha kumbukumbu za stoo na upotevu ukapungua."
"Wewe binafsi ulifanya nini?"
"Nilipendekeza tuhesabu bidhaa kila Ijumaa badala ya kusubiri mwisho wa mwezi."
"Upotevu ulipungua kutoka ngapi hadi ngapi?"

Hapo msailiwa ananyamaza, na hapo ndipo hela yake inapofanya kazi. Jibu la kwanza lilisikika zuri, lakini lilijificha nyuma ya timu na halikuwa na namba hata moja. Msaili wa majaribio akiridhika nalo na kusema "vizuri sana", amekuibia. Akisimama hapo na kukuacha utafute, jibu litazaliwa upya: "Kila mwisho wa mwezi tofauti kati ya daftari na rafu ilifika bidhaa 40 kwa kila 1,000. Nilitengeneza fomu ya ukurasa mmoja, nikawa nahesabu kundi moja kila Ijumaa, nikakuta nyingi ni bidhaa zilizorudishwa na wateja bila kuandikwa. Baada ya miezi mitatu tofauti ilishuka hadi 12." Jibu hili linavumilia kuchimbwa, maana kila namba ina chanzo chake. Kujiamini mbele ya jopo hutokana na kujua kwamba swali lolote litakalofuata lina jibu la kweli nyuma yake.

Mpangilio wa jibu hilo ni ule unaojulikana: hali, jukumu, hatua, matokeo. Watoa huduma karibu wote wanaufundisha, ila wachache wanaushikia saa. Kwa jibu la dakika mbili, hali na jukumu vipewe sekunde 30, hatua 70, matokeo 20. Kosa la kawaida ni hali kumeza dakika nzima kwa historia ya ofisi na majina ya idara, kisha hatua zinakimbizwa na matokeo yanasahaulika. Katika usaili wenye maswali yaliyopangwa, wasaili huwauliza wote maswali yaleyale na kujaza alama kwa kila jibu, hivyo kisichosemwa hakipati alama hata kama kimo kwenye wasifu. Na usaili wa namna hii una sababu ya kuendelea kuenea: mapitio ya tafiti ya Paul Sackett na wenzake, yaliyotoka mwaka 2022, yaliuweka juu kabisa miongoni mwa njia za kubashiri nani atafanya kazi vizuri.

Kitu cha pili cha kudai ni video ya kikao. Wengi wanaogopa kujitazama, na hilo linaeleweka, lakini video huondoa hofu kuliko maneno ya kutia moyo. Watafiti wa saikolojia Savitsky na Gilovich walionyesha mwaka 2003 kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana kuliko unavyoonekana kweli, na waliofahamishwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri zaidi. Itazame mara mbili. Kwanza zima sauti uangalie mikono, kiti kinachozunguka na macho yanayokimbilia pembeni. Kisha funika kioo usikilize tu: mwisho wa sentensi unaomezwa, "yaani" zinazojaza pengo, na kasi inayopanda swali likiwa gumu. Andika mambo mawili ya kurekebisha, basi. Ukiandika kumi hutarekebisha hata moja.

Maoni ya aina ya "jiamini zaidi" au "uwe mchangamfu" hayana thamani yoyote, na ndiyo malalamiko makubwa dhidi ya huduma hizi. Maoni yanayofaa hutaja dakika na tendo: "dakika ya 14, swali la mgogoro, hukusema mliafikiana nini." Mbaya zaidi ni wanaokukabidhi majibu yaliyoandikwa tayari ukayakariri. Neno moja likikutoka, jibu zima linaanguka, na msaili mzoefu hutambua mkariri mapema. Beba visa sita au saba vya kweli, kila kimoja kwenye mistari minne, kisha visimulie kwa sauti bila kuangalia karatasi. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujipima hufanya kumbukumbu idumu kuliko kusoma tena na tena. Kusoma majibu kitandani hukupa hisia ya kuyajua, na hisia hiyo haifiki chumba cha usaili.

Programu za kompyuta zinazokuhoji na kukupa alama zinafaa kwa wingi wa mazoezi, hasa kuzoea kuongea na kamera. Zinahesabu sekunde na maneno ya kujazia vizuri, lakini usiziachie alama zao uamuzi wa kama jibu lina uzito.

Panga kikao siku tano kabla ya usaili wenyewe, usiwe usiku wa kuamkia. Makosa yanayogunduliwa saa kumi na mbili kabla huzaa hofu tu. Siku tano zinatosha kuyarekebisha na kufanya kikao kifupi cha pili cha maswali yaliyokushinda.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: utasoma tangazo langu, utanichimba jibu likiwa jepesi, na nitapata video? Akisema kurekodi hakuruhusiwi, tafuta mwingine.