Mashine ya presha ya nyumbani: nzuri, ila msimwachie mgonjwa peke yake

Nazungumzia zile mashine za presha za betri, zenye mkanda unaofungwa mkononi juu ya kiwiko na kioo kinachoonyesha namba. Tulimnunulia baba baada ya daktari kumtaka awe anajipima nyumbani, na sasa tumeshaizoea vya kutosha niweze kuisemea.

Kuitumia ni rahisi: funga mkanda, bonyeza kitufe, subiri. Kazi iko kwa anayepimwa. Anatakiwa awe ametulia kitini kwa dakika 5, ameegemea mgongo, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na ndani ya nusu saa iliyopita asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Halafu asiongee, maana kuongea kunapandisha namba. Kwa mzee anayependa kusimulia, sharti hilo ni zito, na hapo mjukuu wake ndipo alipojipatia kazi. Mkanda ukianza kujaa upepo anainua kidole: "Babu, hadithi baadaye." Babu ananyamaza. Ningesema mimi, tungebishana. Mtoto husoma namba kwa sauti na kuiandika daftarini, asubuhi na jioni, kila kipimo kikirudiwa baada ya dakika moja.

Lile daftari limefanya kazi ambayo mawaidha yetu yalishindwa. Zamani baba alikuwa na sufuria yake ya chumvi kidogo, sisi tukipakua kwingine. Alijiona ametengwa, na kwa kuwa kopo la chumvi lilikuwa mezani, alijiongezea. Namba zilipoanza kusomwa mbele ya wote, mama mwenyewe aliliondoa lile kopo, akaanza kupika sufuria moja kwa nyumba nzima. Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo haifiki kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye vyakula vya pakiti. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa wenye presha pekee.

Kaka yangu, ambaye hospitali haendi mpaka alazimike, naye siku hizi hunyoosha mkono baba akimaliza. Kwake ndipo tulipogundua kasoro kubwa ya mashine. Mkanda uliokuja nayo ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na wake umezidi. Mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Muuzaji hakutueleza lolote kuhusu hilo, ikabidi tuagize mkanda mkubwa kando.

Kasoro nyingine ni kwamba kumbukumbu ni ya watu wawili tu. Wa tatu akipima, namba zake zinachanganyika na za wengine. Bila daftari tungempelekea daktari vipimo vya kaka tukidhani ni vya baba. Sauti ya kitufe nayo ni kali mno kwa asubuhi.

Ninachokipenda sana ni alama ndogo ya moyo inayowaka mapigo yakienda bila mpangilio. Alama hiyo si ugonjwa, ila ikijirudia ni ya kumwonyesha daktari. Pia jueni kwamba vipimo vya nyumbani huhesabiwa kuwa juu kuanzia 135/85, wakati vya hospitali ni 140/90, kwa kuwa wengi wetu presha hupanda tukimwona daktari. Namba moja iliyopanda isiwatie kiwewe. Tazameni wastani wa siku kadhaa. Lakini ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ganzi ya upande mmoja, mkimbizeni hospitali.

Kuna wakati namba za baba zilikaa vizuri, akataka kuacha vidonge. Mama akamwambia, "Mzee wangu, zimekaa vizuri kwa sababu unameza." Mashine isingemwambia hivyo.

Naipendekeza, hasa kwa nyumba yenye mzee. Chagueni ya mkono wa juu badala ya ile ya kifundo cha mkono, maana ya kifundo hukosea kirahisi mkono usipokaa usawa wa moyo. Na kabla ya kwenda dukani, pimeni kwa futi ya kushonea mzunguko wa mkono wa kila mtu mzima hapo nyumbani, katikati ya bega na kiwiko, mwende na namba hizo.