Paa la Turubai au Paa Gumu: Uamuzi wa Mwenye Mazda MX-5 ya Zamani

Mwenye Mazda MX-5 (gari dogo la wazi la viti viwili) ya toleo la kwanza, lililoingia sokoni mwaka 1989, halazimiki kuliondoa paa la turubai ili afunge paa gumu, yaani lile zima lisilokunjika linalofungwa na kuondolewa, kwa sababu turubai hukunjwa nyuma ya viti na paa gumu likafungwa juu yake.

Kwa majira ya baridi ya Uingereza, paa gumu ni bora kabisa. Dirisha la nyuma la turubai ni la plastiki, ambayo hufifia kwa jua na hukakamaa kwa baridi, kiasi kwamba ukishusha paa asubuhi yenye barafu bila kwanza kufungua zipu ya dirisha hilo, plastiki yaweza kupasuka pale pale penye mkunjo. Paa gumu lina kioo halisi, hupunguza kelele za upepo katika barabara kuu, na mwizi hawezi kulichana kwa kisu.

Hata hivyo, uzito wake wa takriban kilo 20 na upana wake hudai watu wawili wa kulinyanyua, la sivyo rangi ya gari itakwaruzwa. Asiye na gereji ya kulihifadhi, namsihi asilinunue. Turubai hushushwa kwa sekunde chache ukiwa umeketi, na raha hiyo ndiyo iliyotufanya tulipende gari hili. Ukifunga paa gumu, hakikisha turubai lililo chini yake limekauka, maana likikunjwa na unyevu huota ukungu.