Mazoezi ya goti kwa fizio, miezi mitatu sasa: uzoefu wangu

Mimi nina miaka 53, nipo Tanga, goti la kulia limenisumbua toka mwaka juzi. Asubuhi nikiamka limekaza, daladala nashuka kiupande, na kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi ndo nilishaacha kabisa namuachia binti. Eksirei ikaonyesha goti limesagika. Duka la dawa wakasema pumzisha mguu, nikapumzisha miezi nikanenepa na goti likazidi.

Ndo mwanangu akanipeleka kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, 20,000 kila nikienda, nimeenda mara nane na mengine nafanya nyumbani. Akachukua futi kama ya fundi cherehani akapima mapaja, la kulia limesinyaa sentimita 2 nzima! Akaniambia mama, msuli wa paja ndo unalisaidia goti kubeba mwili, ukilegea mzigo wote unaangukia goti.

Zoezi ninalolipenda, nalala chali, khanga naiviringisha mpaka inakuwa nene kama chupa ya soda naiweka chini ya goti, naikandamiza mpaka kisigino kinyanyuke, nahesabu 5 naachia, mara 10 kila mguu. Halafu kukaa na kusimama kwenye kiti mikono kifuani, siku ya kwanza niliweza mara 4 tu, sahivi nafika 12.

Wadada wenzangu wiki za mwanzo linauma kweli, msikimbie. Maumivu kidogo sio kwamba unaliharibu goti, mradi kesho yake yawe yametulia, likivimba punguza idadi ila usiache. Mimi nafuu niliiona kama wiki ya sita hivi, na nimepungua kilo 4, na fizio alinieleza kila kilo inayotoka mwilini goti linapunguziwa karibu kilo 4 kwa kila hatua, hapo ndo nikaacha chapati za asubuhi.

Kilichoniudhi ni karatasi ya mazoezi, yote Kiingereza, mama mmoja tuliyekuwa tunakaa nae foleni aliacha kuja sababu nyumbani hakuelewa afanye nini. Waiandike Kiswahili jamani, wanaougua magoti ni sisi.

Kusagika hakurudi nyuma, hilo aliniambia mapema na dawa ya kuchua bado naitumia siku nikitembea sana. Ila toka Ramadhani ya mwaka jana nilikuwa naswali kwenye kiti, wiki iliyopita alfajiri nimesujudu chini kwenye mswala, kunyanyuka nikashika ukuta lakini nimenyanyuka mwenyewe.