TAHADHARI: Muuza tiketi za Mkapa anayeomba namba ya kadi yako

Ndugu wana Msimbazi, yaani mashabiki wenzangu wa Simba, pamoja na watani wetu wa Jangwani, yaani Yanga, kwa kuwa tapeli hachagui rangi ya jezi.

Ninaandika kuwatahadharisha kuhusu mtu anayejitangaza katika makundi ya WhatsApp ya mashabiki kwamba yeye ni wakala wa tiketi za michezo ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Alichukua shilingi 42,000 za watu sita wa tawi letu hapa Morogoro kabla ya mchezo wa Yanga na Simba wa tarehe 25 Juni 2025, na kwa ninavyoona bado yuko kazini. Jina alilotumia silitaji, kwa sababu nina hakika si lake na huenda likamuumiza mtu asiyehusika. Nitaeleza namna anavyofanya, ili hata akibadilisha laini na picha mumtambue.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mchezo ulipangwa kuchezwa tarehe 8 Machi, ukaahirishwa siku hiyo hiyo baada ya Simba kugoma kucheza kwa sababu ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Ukapangiwa tarehe 15 Juni, ukasogezwa tena hadi tarehe 25. Wakati huo Yanga walikuwa na pointi 79 na sisi 78, ubingwa wa Ligi Kuu ukisubiri dakika 90 hizo, na sare ingewatosha wao. Zaidi ya hapo kulikuwa na deni la siku nyingi: zile tano kwa moja walizotufunga Novemba 2023, mbili kwa moja za Aprili 2024, na moja kwa bila ya Oktoba 2024. Shabiki aliyelala na deni la namna hiyo misimu miwili hana subira ya kukagua muuzaji. Katika makundi yetu watu walikuwa wakiulizana kama tiketi za Machi bado zinafaa, kila mmoja akijibu la kwake, na katikati ya mkanganyiko huo akatokea huyu bwana mwenye majibu ya upole na ya haraka kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Hakuuza kwa bei ya kutisha, na hapo ndipo aliponipata. Mlanguzi tunamjua: anasimama karibu na uwanja, anataja bei mara tatu, unamkasirikia, lakini mwisho wa siku tiketi unaiona. Huyu alitaka shilingi 7,000 kwa tiketi ya mzunguko, yaani viti vya kawaida vya bei ya chini, kiasi kilichozidi bei rasmi kidogo tu, akasema ziada ni ya usumbufu wake. Nilimwona mstaarabu. Akaomba tumtumie namba za N-Card zetu zote sita, kadi za kielektroniki za kuingilia uwanjani, akieleza kwamba ataziingizia tiketi yeye mwenyewe akiwa Dar es Salaam na sisi tutakuja kugusisha kadi mlangoni tu. Maelezo hayo yanaingia akilini, kwa kuwa ni kweli tiketi za Mkapa siku hizi zinaingia kwenye kadi na hakuna karatasi ya kushika mkononi. Basi utapeli wake umejengwa juu ya ukweli huo: kama hakuna karatasi, mnunuzi hana cha kukagua.

Nilipotuma fedha, jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akajibu kwamba ni laini ya mke wake, kwa sababu ya kwake imefikia kikomo cha miamala ya siku. Nikakubali, na hilo nalijutia kuliko yote, maana simu ilikuwa imenionya bure na mimi nikaruhusu maneno yake yaishinde.

Jioni alitutumia ujumbe sita wa uthibitisho, kila mmoja ukiwa na jina la mchezo, eneo la kukaa na namba ya kumbukumbu. Alisema ujumbe umeingia kwenye simu yake kwa kuwa ndiyo iliyofanya malipo, naye anatusambazia tu. Tafadhali lishikeni hili: ujumbe uliosambazwa ni maandishi, na maandishi hayo yeyote mwenye kidole anaweza kuyachapa. Hatukuulinganisha ujumbe huo hadi tulipokuwa tunarudi, ndipo kijana mmoja wetu alipogundua kwamba wa kwake na wa mzee wa tawi ulikuwa na namba moja ya kumbukumbu, tarakimu kwa tarakimu.

Tuliondoka Morogoro asubuhi kwa treni ya umeme, nauli ya kwenda peke yake ikiizidi bei ya tiketi, tukafika uwanjani mapema tukiwa na jezi na vuvuzela. Mlangoni mzee wetu akatangulia. Akagusisha kadi, mashine ikakataa. Akaifuta kadi kwenye shati, akagusisha tena, ikakataa. Kijana wa mlangoni, ambaye sina lawama naye hata kidogo, akatuambia kwa sauti ya chini, "Mzee, humu hakuna tiketi," kisha akatuomba tusogee pembeni kwa sababu nyuma yetu foleni ilikuwa inasukumana. Tulisogea. Wapo waliotushawishi tujipenyeze, lakini mimi sikusahau fainali ya Kombe la Shirikisho ya tarehe 28 Mei 2023 kati ya Yanga na USM Alger, ambapo mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa katika msongamano kwenye uwanja huu huu. Mchezo tuliutazama kwenye banda la kuonyeshea mpira huko huko Temeke, na matokeo mnayajua: mbili kwa bila, deni likaongezeka.

Simu ya muuzaji haikupatikana tangu saa sita mchana wa siku hiyo.

Sehemu ya pili ya utapeli huu inasemwa kidogo, nami nadhani ndiyo ya hatari zaidi. Siku mbili baadaye nilipigiwa na mtu mwingine, sauti nyingine, akijitambulisha kuwa anatoka ofisi ya tiketi. Alijua jina langu, alijua tulikuwa sita, alijua hata kiasi. Akasema fedha zetu zinarudishwa, ila nithibitishe kwa kumtajia namba ya siri ya akaunti yangu ya simu. Wazia umelizwa, kisha anakuja mtu anayezijua habari zako zote kukufuta machozi. Nilikata simu kwa sababu mke wangu alikuwa amekaa kando yangu akanikazia macho. Ningekuwa peke yangu sijui.

Kwa wale waliokwisha kutuma fedha, pigeni mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wenu mkiomba muamala uzuiwe, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala hazirudi kwa urahisi. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba yake vitumwe kwenda 15040, huduma iliyowekwa kwa ajili hiyo. Mfike pia kituo cha polisi mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu. Mimi nilichukua, na afisa aliyenihudumia hakunicheka kama nilivyoogopa. Msifute mazungumzo, hata kama mkiyasoma yanawatia aibu.

Kwa wanaotaka kununua: kila mtu anunue tiketi kwa simu yake au kwa wakala anayemwona kwa macho, na uthibitisho uingie kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akikwambia tiketi zimeisha ila yeye anazo, muulize za eneo gani, kwa maana uwanja huu unachukua watu 60,000 na kuisha kwa VIP C, eneo la bei ya juu, si kuisha kwa mzunguko. Huwa tunabishana wiki nzima kama uwanja ulijaa au haukujaa, na wapo wanaoishi kwa ubishi huo.

Agosti 2025, michuano ya CHAN, ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ilipoanza hapa nyumbani, tangazo lile lile lilinifikia kupitia kundi la wazazi wa shule, safari hii kwa michezo ya Taifa Stars. Namba ilikuwa mpya na picha ilikuwa ya mtu mwingine mwenye tai. Maneno hayakubadilika: "Zimebaki 14 tu, nitumie namba ya kadi," na Mkapa liliandikwa kwa p mbili, kama lilivyoandikwa kwetu.