Sensa ya waya tatu kwenye gavana ya turbini: uzoefu wangu

Karakana yetu iko Kizota, Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kufunga na kuseti gavana za mitambo ya viwandani, yaani vifaa vinavyodhibiti mwendo wa mtambo. Gavana huujua mwendo kupitia sensa, kihisio kinachosoma meno ya gurudumu lililo kwenye shafti yanapopita mbele yake. Kwa muda mrefu tulitegemea sensa za sumaku za waya mbili, ambazo hazihitaji umeme wa nje, lakini volti zake hushuka kadiri shafti inavyopunguza mwendo, kiasi kwamba mtambo unapowashwa gavana haioni kitu na inaweza kudhani sensa imekufa. Kwa turbini ndogo ya mvuke ya mteja mmoja tuliamua kufunga sensa ya Hall ya waya tatu, yenye elektroniki ndani inayohisi sumaku na inayotumia volti 24. Tulipozungusha shafti kwa mkono, osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, ilionyesha mawimbi ya mraba yenye kimo kilekile tangu jino la kwanza, na hilo pekee lilitosha kunishawishi.

Usumbufu uko kwenye kuifunga. Sensa hii ina alama ndogo kwenye mwili wake ambayo lazima ielekee upande ambao meno yanapita, jambo ambalo karatasi ya maelezo tuliyopewa na muuzaji haikuligusa kabisa. Nati ya kufungia inapokazwa huuzungusha mwili pamoja nayo, kwa hiyo fundi aushike kwa spana ya pili na kuitazama alama tena baada ya kukaza. Nyuzi zake ni za M18 (kipenyo cha milimita 18) kwa hatua ya milimita 1, yaani kila mzunguko huisogeza milimita 1: ukiigusisha jino kisha ukairudisha mzunguko mmoja, umepata nafasi ya milimita 1 bila kupima.

Kuseti gavana ni rahisi, ila idadi ya meno haitaki kubahatisha. Gurudumu la meno 60 hutoa hezi 3,000 (mapigo 3,000 kwa sekunde) kwa mizunguko 3,000 ya dakika. Ukiandika meno 120, gavana itasoma 1,500 na kuendelea kuongeza mvuke huku shafti tayari imefika 3,000. Kwa sababu hiyo ulinzi wa mwendo kupita kiasi tuliupa sensa zake tatu, zinazoamua kwa kura mbili kati ya tatu (mtambo husimamishwa zikikubaliana mbili), bila kuchangia waya na gavana.

Ni ghali kuliko ya waya mbili, na kwa gavana ningeinunua tena. Karibu na kasha la turbini lenye joto kali ningebaki na ile ya zamani, kwa kuwa haina elektroniki ndani ya kuungua.