Miaka miwili nikichora ramani ya mtaa wetu kwa simu: uzoefu wangu

Ninaishi Tandale, Dar es Salaam, nyumba ya nne kutoka Mto Ng'ombe. Ukimwelekeza bodaboda kwetu unamwambia, "Shuka mpaka kwa fundi magodoro, ingia uchochoro wa pili, ukisikia mashine ya kusaga ulizia hapo." Mwaka 2022 yalipowekwa majina ya mitaa na namba za nyumba tulifurahi sana. Lakini kibao cha namba hakikuambii mtaro umeziba wapi, wala njia ipi inapitika mvua ikikukuta saa nane usiku na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nilijiunga na kikundi cha kuchora ramani.

Tunatumia KoboCollect kujazia fomu, OpenStreetMap ndiko ramani inakokaa, na Vespucci kuhariri ramani hiyo kwenye simu ya Android. Zote ni bure. Unachogharamia ni bando, chaji na soli za viatu.

Sisi si wa kwanza. Wenzetu wa Kibera, Nairobi, walianza mwaka 2009. Hapa kwetu, mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walizunguka Tandale na vifaa vya GPS, vile vinavyoonyesha mahali ulipo kwa satelaiti, na mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, uliochora kata nyingi za Dar es Salaam kwa sababu ya mafuriko. Kwa hiyo nilipofungua OpenStreetMap mara ya kwanza sikukuta uwanja mtupu. Nilikuta mapaa. Nyumba ya mama yangu ilikuwepo, imeunganishwa na za majirani wawili kana kwamba ni jengo moja, maana kutoka angani mabati yenye kutu yaliyogusana huwezi kuyatenganisha. Ni mtu aliyewahi kupita kwenye upenyo wa katikati, amejibana ubavu, ndiye anayejua kuwa hizo ni nyumba tatu zenye wapangaji kumi na wanne.

KoboCollect nimeipenda kwa jambo moja kubwa: haihitaji mtandao ukiwa kazini. Unajaza fomu mchana kutwa, jioni ukipata bando unatuma. Maandishi ni mepesi, picha ndizo zinazokula MB, kwa hiyo punguza ukubwa wa picha kwenye fomu kabla hujaanza. Kinachosumbua ni GPS kwenye vichochoro. Unasimama chini ya mapaa yaliyokaribiana, skrini inakuambia usahihi ni mita 23, unasubiri, 18, unasubiri, 14, na watoto wameshakuzunguka wanataka kupigwa picha. Mita 14 kwetu ni nyumba ya mtu mwingine kabisa. Tulichojifunza ni kuacha kubishana na simu: tunafungua picha ya satelaiti na kuweka nukta kwa kidole juu ya paa lenyewe, mwenye nyumba akiwa pembeni anathibitisha.

Sasa niseme la mafuriko, maana ndilo lililonibadilisha. Fomu ya kwanza tuliletewa na watu wa mradi mmoja, imekwisha kutengenezwa, na iliuliza kina cha maji kwa sentimita. Nyumba kumi za kwanza hakuna aliyejibu. Nani hupima sentimita wakati anaokoa godoro? Kwa bibi mmoja karibu na daraja, baada ya shikamoo na kukaribishwa kwenye kigoda, nilimuuliza hivyohivyo. Hakujibu. Alinyanyuka, akaenda ukutani, akaweka kiganja juu kidogo ya kitasa cha mlango. Chokaa hapo ilikuwa ya rangi mbili, na mpaka wa rangi ulipita sawasawa chini ya vidole vyake. "Ile ya Desemba ilifika hapa," alisema, akimaanisha mwaka 2011. Nilitoa utepe wa fundi cherehani nikapima kutoka sakafuni. Usiku ule tulibadilisha swali kwenye fomu: maji yalikufika kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua? Kuanzia siku iliyofuata kila mtu alijibu, hata watoto. Namshauri yeyote anayeanza kazi hii aandike fomu yake akiwa amekaa na wenyeji, kwa sababu fomu inaweza kurekebishwa muda wowote.

Bibi huyohuyo ndiye aliyeniuliza, nikiwa tayari nimefunga daftari: "Mwanangu, mnakuja kutuwekea X?" Swali lile lilinichoma. Tangu bomoabomoa ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2015, mtu akionekana mabondeni na simu na daftari, watu wanaona ile X ya rangi nyekundu inayowekwa kwenye nyumba za kubomolewa. Baada ya hapo hatukuingia shina lolote bila mjumbe, na kabla ya kuanza tulikaa na wakazi kuamua nini kisiingie. OpenStreetMap iko wazi kwa dunia nzima, yeyote anaweza kuisoma na kuihariri. Majina ya wenye nyumba hatukuweka, wala idadi ya wapangaji. Kina mama walitaka vichochoro vya giza, vile ambavyo mabinti wanaogopa kupita usiku, viandikwe kwenye orodha ya mtaa ipelekwe kwa mwenyekiti kuomba taa, lakini visionekane kwenye ramani ya wazi. Walikuwa sahihi kabisa, na wazo hilo halikutoka kwa mkufunzi yeyote.

Watu wa ule mradi walituacha miezi sita baadaye. Takwimu walizichukua, ripoti hatukuiona. Tulichobaki nacho ni ujuzi, na ramani yenyewe, kwa sababu tulikuwa tumeiweka mahali ambapo hakuna anayeweza kuifungia kabatini. Tulichangishana tukaichapisha karatasi kubwa pale stesheneri. Hapo ndipo wazee walipoanza kuongea! Kwenye simu walikuwa wanaangalia tu kwa heshima. Karatasi ilipotandikwa mezani ofisi ya serikali ya mtaa walivaa miwani, wakaanza kubishana: kisima hiki kimefukiwa, mtaro huu umekosewa, huku watu wanatapishia vyoo mvua ikinyesha. Jioni moja ile ilitupa masahihisho mengi kuliko wiki nzima ya kuzunguka.

Njia hii ya kuchora ramani kwa simu nimeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya walio na simu za vitochi, ambao ndio wengi kando ya mto. Bila karatasi, kazi hii haiwafikii.

Masika iliyopita maji yalisomba kivuko cha miti nyuma ya kwetu. Nilisimama ukingoni asubuhi, matope yamenifika magotini, nikafungua Vespucci nikakiondoa. Nilijua ramani zilizokwisha pakuliwa kwenye simu za wenzangu zitaendelea kukionyesha hadi watakapopakua toleo jipya. Kwa hiyo nilikwenda ofisini, nikamwomba mwenyekiti kalamu, nikakikata pia kwenye ile ramani ya karatasi, ambayo sasa iko ukutani. Watoto wa shule walikuwa wanapita, nikawaita wakaja kuangalia njia ya kuzunguka.